Ratili Moja ya Sukari kwa Heshima ya Malkia

Serikali ya Uingereza ilipotaka watu wake wafurahie kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Jumanne ya tarehe 2 Juni 1953, iliwaongezea mgao wa chakula, uliokuwa umebaki tangu wakati wa vita. Kila mtu aliruhusiwa ratili moja ya sukari na wakia nne za majarini juu ya kile alichozoea kupata. Kuruhusiwa kununua, tuelewane, si kupewa. Kwa mizani ya leo sukari hiyo haifiki nusu kilo, na majarini ni gramu mia moja na ushei. Basi. Nchi iliyotawala kuanzia Jamaika hadi Hong Kong, Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika zikiwa humo humo kapuni, siku ya sherehe yake kubwa ilikuwa inahesabu vijiko vya sukari.

Mimi napenda kuchagua siku moja ya zamani na kuizunguka. Vitu vilikuwa bei gani? Watu walikwenda kuangalia nini? Gazeti liliandika nini, na mvua je, ilinyesha? Historia tuliyosomeshwa ilitupa miaka na majina ya magavana. Bei ya stempu haikutupa. Siku hii ya Juni nimeichagua kwa sababu kwetu imebaki picha tu. Bibi yangu alikuwa na bati la biskuti lenye sura ya Malkia kijana, rangi imechubuka puani, na ndani akiweka sindano, vifungo na risiti za ushirika. Biskuti zenyewe hakuna aliyezikumbuka. Lakini sura ile ndiyo iliyonifanya niamini, tangu utotoni, kwamba huko alikotoka kila kitu kilikuwa tele.

Hakikuwa tele. Tuanze na mvua.

Juni kwao ni mwanzo wa kiangazi, na tarehe ile ilichaguliwa kwa matumaini ya jua. Kukapambazuka baridi, na mvua ya kuja na kuondoka kutwa nzima. Watu walikuwa wamelala barabarani usiku kucha kwenye njia itakayopitwa na msafara, wamejifunika makoti na magazeti, chupa za chai ubavuni, watoto katikati. Alfajiri wakiwa bado wanajikung'uta maji, magazeti yakaja na habari ambayo hakuna aliyeitegemea: mlima Everest umepandwa hadi kileleni.

Kisa cha habari hiyo kusafiri kinanifurahisha kuliko hata kupanda kwenyewe. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kileleni tarehe 29 Mei. Mwandishi wa gazeti la The Times, James Morris, alikuwa mlimani pamoja na msafara, na alijua kwamba akituma habari kwa maneno ya wazi, magazeti mengine yatamwibia. Akateremka mbio hadi kambini na kumtuma mkimbiaji apeleke penye redio ujumbe wa mafumbo: hali ya theluji ni mbaya, kambi ya mbele imeachwa. Ukiusoma, unadhani wameshindwa. Wenye ufunguo wa mafumbo London wakaelewa kwamba kilele kimefikiwa, na nani kafika. Ujumbe uliwakuta usiku wa kuamkia sherehe, nao wakachapa. Kwa hiyo asubuhi ile London nzima ilikuwa inashangilia mlima. Hillary alitoka New Zealand na Tenzing alikuwa Msherpa, mtu wa Himalaya, lakini ungesoma furaha ya siku ile ungedhani aliyepanda ni karani wa benki wa Birmingham.

Sasa fedha. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi yao ilikuwa peni 12. Kwetu pauni moja vilevile ilikuwa shilingi 20, ila shilingi yetu ilikuwa senti 100. Maana yake shilingi ya Dar es Salaam na shilingi ya London zilikuwa na thamani moja, hivyo tunaweza kuhesabu bila kutafuta mtu wa kubadilisha fedha.

Mwanamume anayefanya kazi ya mikono Uingereza alipata kwa wastani pauni 9 na shilingi chache kwa wiki. Ikiwa kipato chake kilifikia kiwango cha kawaida cha kodi, serikali ilichukua shilingi 9 katika kila pauni iliyotozwa, na hapo watu walikuwa wanashukuru, kwa sababu bajeti ya Aprili mwaka huo ndiyo iliyopunguza peni sita kutoka shilingi 9 na nusu. Mfanyakazi wa chini alikuwa na nafuu zake, lakini ukubwa wa kodi ile unaonyesha hazina ilivyokuwa na njaa. Matibabu yalikuwa bure tangu Julai 1948, ila tangu Juni 1952 ukitoka kwa daktari na cheti cha dawa ulilipa shilingi moja. Barua ya kawaida ilibandikwa stempu ya peni mbili na nusu, ambayo kwa fedha yetu ni kama senti 21. Huku Posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilitoa stempu yake ya kutawazwa ya senti 20. Stempu zilikaribiana bei kwa kiasi hicho. Mishahara ya waliozibandika ndiyo haikukaribiana.

Serikali ilitengeneza pia sarafu ya ukumbusho ya shilingi 5, ya kuwekwa kabatini. Huku kwetu shilingi ya chuma iliyozunguka sokoni, ile yenye simba na milima nyuma, bado ilikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita, aliyekufa tangu Februari 1952. Mfalme alikuwa kaburini mwaka mzima na miezi, huku wenye maduka wa Kariakoo wakiendelea kumpokea.

Kilichoitwa anasa siku hiyo kilikuwa televisheni. Leseni ya mwaka ilikuwa pauni 2, na chombo chenyewe kilikula mshahara wa karibu miezi miwili wa mfanyakazi wa kiwandani, kwa hiyo wengi walikopa au kukodi. Kioo kilikuwa kidogo, cha rangi nyeusi na nyeupe, na wapo walioweka lenzi mbele yake ili picha ionekane kubwa. Leseni zilikuwa zimevuka milioni 2 kidogo tu. Hata hivyo watu zaidi ya milioni 20 waliangalia sherehe hiyo, na walioangalia kwenye nyumba za wenzao walikuwa wengi kuliko walioangalia kwao.

Hapo nikaielewa siku hiyo kwa mwili wangu mwenyewe. Sisi wa Tanzania Bara tulingoja televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Mtaani kwetu nyumba yenye televisheni uliijua kwa rundo la viatu mlangoni. Wadogo sakafuni, wakubwa kwenye makochi, wa mwisho dirishani kwa nje, na mwenye nyumba akipita katikati yetu kama diwani. Ukikohoa unatazamwa. Waingereza wa 1953 walifanya hivyohivyo, mapazia yamefungwa ili picha ikolee, sebule moja majirani kumi, na mama mwenye nyumba akihesabu kimoyomoyo vikombe vya chai na ile ratili yake ya sukari.

Nusura wasione kitu. Baraza la mawaziri la Winston Churchill mwanzoni lilikataa ibada isirushwe moja kwa moja. Walisema itamchosha Malkia na kuivua sherehe heshima yake. Magazeti yakapiga kelele, wananchi wakachachamaa, uamuzi ukageuzwa. Bado kamera zilifichwa sehemu takatifu, kama pale Malkia alipopakwa mafuta matakatifu. Ibada ilichukua karibu saa tatu. Msemaji wa BBC, Richard Dimbleby, alieleza kila kitu kwa sauti ya chini ya mtu aliye msibani.

Nje ya ibada, burudani ya kawaida iliendelea. Wimbo uliokuwa juu katika mauzo ya sahani za santuri wiki hizo ulikuwa wa Mmarekani, Frankie Laine, nao ulikaa kileleni wiki 18 kwa jumla. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 2 Mei, Stanley Matthews, winga mwenye umri wa miaka 38, alikuwa ameipatia Blackpool kombe la FA dhidi ya Bolton kwa mabao 4 kwa 3, na wazee wa Kiingereza waliendelea kuisimulia mechi ile kwa nusu karne. Wanamuziki kutoka visiwa vya Karibi, waliohamia London baada ya vita, walitunga kalipso za kutawazwa na kuzirekodi, wakati kwenye nyumba za kupangisha kulikuwa na vibao vya kuwaambia weusi wasibishe hodi.

Niruke nirudi kwenye chakula, maana ndiko utamu uliko, au ukosefu wake.

Mgao ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe ya kukausha, siagi na sukari. Vita viliisha 1945, mgao ukabaki. Chai ilitolewa kwenye mgao Oktoba 1952. Peremende na chokoleti zilijaribiwa kuachwa huru Aprili 1949. Watoto na wakubwa wakafagia maduka, na baada ya miezi minne serikali ikazirudisha kwenye kuponi hadi tarehe 5 Februari 1953. Mayai yakafuata Machi. Nyama ilikuwa na utaratibu wake: haikupimwa kwa uzito, ilipimwa kwa bei, na mwanzoni mwa 1951 kila mtu alikuwa na haki ya nyama ya peni 8 kwa wiki. Kwa fedha yetu ya wakati ule ni senti 67. Ukitaka steki, unapata kipande. Ukitaka mifupa ya supu, unapata mfuko. Siku ya kutawazwa, nyama, siagi, jibini, majarini na sukari vyote vilikuwa bado kwenye kitabu cha mgao.

Kuna kijiji na kijiji waliotaka kuchoma ng'ombe mzima uwanjani kama babu zao walivyofanya wafalme wengine walipotawazwa. Wizara ya Chakula haikukataa, ila ilidai ushahidi: mthibitishe kwamba ni mila yenu kweli, kwamba sherehe zilizopita pia mlichoma. Vibali 82 vilitolewa. Nikiwaza mzee wa kijiji anakwenda ofisini na daftari la kanisa kuthibitisha ng'ombe aliyeliwa wakati wa babu yake, nacheka peke yangu.

Kwa wageni rasmi kulipikwa chakula maalumu, kazi ya Constance Spry na Rosemary Hume: kuku wa baridi katika mayonezi iliyotiwa unga wa kari na aprikoti. Kipo mpaka leo, kinawekwa kwenye mikate huko. Hiyo kari ilikuwa kidogo, ya kunusisha tu. Mpishi wa Mombasa angeuliza kama imemwagika kwa bahati mbaya.

Nilipomsimulia mama habari hizi za vitabu vya mgao, aliacha kupepeta mchele. Yeye ni wa foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia viliitwa bidhaa adimu. Unafika dukani alfajiri, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kutafuta maji, ukirudi unakuta jiwe limesogezwa nyuma. Wakati mwingine unajiunga na foleni kwanza, ndipo unauliza mbele kunauzwa nini. Tukaambiwa, na sisi wenyewe tukaamini, kwamba hiyo ni aibu yetu ya pekee, kwamba mzungu angekuwepo isingetokea.

"Kwa hiyo na wao walikuwa na duka la kaya?" mama akauliza.

Nikamwambia ndiyo, kila nyumba iliandikishwa kwa mwenye duka wake, na huyo ndiye aliyekata kuponi.

"Na ndugu za mwenye duka je?"

"Hao walikuwa na bahati, mama."

"Na walanguzi?"

Walikuwepo. Walijulikana kwa suti zenye mabega mapana na tai za rangi kali, wakiuza soksi za nailoni, nyama na sukari kwenye vichochoro. Mama akarudi kwenye ungo wake, ameridhika sana, kana kwamba amepata habari za jamaa aliyepotea.

Majarini nayo ina habari yake, na hii inatuhusu moja kwa moja. Upungufu mkubwa wa Uingereza baada ya vita ulikuwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: walime karanga Tanganyika, eka zaidi ya milioni 3, wakamue mafuta, watengeneze majarini kwa ajili ya meza za Uingereza. Waziri wa Chakula, John Strachey, akalikumbatia. Kazi ikaanza 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta ya mabaki ya vita, mengine yakiwa ni vifaru vilivyogeuzwa. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili ili kung'oa vichaka. Wagogo walioijua Kongwa wangewaambia habari ya mvua zake na ya udongo wake unaoganda kama saruji kiangazi, lakini hawakuwa kwenye kamati.

Januari 1951 mradi ukafutwa. Pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea, yaani shilingi milioni 720, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoletwa. Tulichobaki nacho ni bandari ya Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea iliyong'olewa baadaye. Mama wa Kiingereza aliyepaka ile ziada ya wakia nne kwenye mkate wa wanawe siku ya Malkia alikuwa anapaka majarini ambayo isingekuwa adimu namna ile kama Kongwa ingekubali. Tulisomeshwa mradi wa karanga kama kichekesho cha mkoloni asiyejua kilimo. Ni kweli ni kichekesho. Lakini ukiuona kutoka upande wa ile sebule yenye mapazia yaliyofungwa, unaona kitu kingine: ile dola kubwa ilikuja Ugogo kwa sababu ilikuwa na njaa.

Tena ilikuwa na madeni. Vita viliiacha Uingereza mikono mitupu. Makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani yalitiwa saini Desemba 1945, na malipo ya mwisho yalifanyika Desemba 2006. Dola za Kimarekani zilikuwa adimu kuliko sukari. Ndiyo maana kila kilichouzwa Marekani kutoka makoloni kilikuwa na thamani mbili. Katani ya Tanga ilipopanda bei wakati wa vita vya Korea, dola zilizotokana nayo ziliingia kwenye kapu la pamoja London, na huku zikafika kama shilingi.

Na shilingi zenyewe je? Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ambayo ofisi yake ilikuwa London. Bodi haikutoa shilingi huku mpaka thamani yake iwe imewekwa kule kwa pauni, na pauni hizo zilinunua hati za dhamana huko huko. Ukilitafakari hili taratibu utaona maana yake. Mkulima wa pamba wa Usukuma aliyefunga shilingi kumi kwenye pindo la shuka alikuwa, kwa kweli, ameweka shilingi kumi London zimfae Mwingereza. Hakuombwa, hakuandikiana na mtu, lakini alikuwa mkopeshaji. Mtawala aliyekuwa anakusanya kodi ya kichwa Shinyanga alikuwa pia, kwa mlango wa nyuma, anamkopa anayemtoza.

Kwa hiyo ninapoangalia picha za msafara wa mchana ule naona harusi ya mwenye kudaiwa. Gari la dhahabu la 1762 lilikuwa la kweli, lenye uzito wa tani nne, likivutwa na farasi wanane. Taji la Mtakatifu Edward lilikuwa la kweli, kilo mbili na zaidi za dhahabu kwenye kichwa cha mwanamke wa miaka 27. Lakini mabehewa ya wageni hayakutosha, ikabidi mengine yakodiwe kwa kampuni ya filamu, na wenye kuyaendesha wengine walikuwa matajiri wa mashamba waliojitolea na kuvalishwa sare za utumishi. Hadithi za namna hii kwetu tunazijua vizuri: kamati, kuazima viti, mjomba kuvaa suti ya mtu.

Katika msafara ule alikuwepo mtu wetu. Seyyid Khalifa bin Haroub, Sultani wa Zanzibar, mwenye umri wa miaka 73, aliyekaa kwenye kiti tangu Desemba 1911, alipita barabara za London pamoja na watawala wengine wa nchi zilizo chini ya ulinzi wa Uingereza. Aliyenyakua mioyo ya watu siku hiyo ni Malkia Salote wa Tonga, mwanamke mrefu, mkubwa, aliyekataa behewa lake lifunikwe. Mvua ikampiga, akatabasamu, akapunga mkono, na watu waliokuwa wamelowa tangu jana wakamwona kuwa ni mwenzao. Katika behewa hilohilo, Sultani wa Kelantan alilowa naye bila kuulizwa.

Askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, nao walikuwa London kwa gwaride. Hapo ndipo siku hii inapoacha kuchekesha, kwa sababu wenzao walikuwa vitani msituni Kenya, wakipigana na Mau Mau. Elizabeth alikuwa Kenya alipopata habari kwamba baba yake amekufa, tarehe 6 Februari 1952, baada ya kulala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mugumo huko Aberdare. Oktoba 20 mwaka huohuo Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Tarehe 26 Machi 1953 yakatokea mauaji ya Lari, na mengine ya kulipiza kisasi yakafuata hapo hapo. Tarehe 8 Aprili mahakama ya Kapenguria ikamhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano waliokuwa naye kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Siku tano baada ya sherehe, tarehe 7 Juni, Jenerali George Erskine akafika Nairobi kuongoza vita. Siku ya pili yake KAU, chama cha siasa cha Kenyatta, kikapigwa marufuku. Treetops yenyewe ilichomwa na wapiganaji mwaka uliofuata.

Vijana wa Kiingereza waliopelekwa Kenya walikuwa wengi wao wa jeshi la lazima, miaka 18 au 19, watoto waliokulia kwenye kuponi. Sehemu kubwa ya utoto wao peremende ilikuwa ya kuponi, si ya kununua kwa hiari. Hilo haliwapunguzii waliyoyatenda kwenye kambi na vijiji vya Kikuyu, wala silitaji ili wahurumiwe. Ninalitaja kwa sababu tumezoea kumpiga picha mkoloni akiwa ameshiba.

Wapo wetu waliomjua akiwa na njaa. Kenyatta alikuwa kibarua wa shamba Sussex miaka ya vita, na Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Hiyo ndiyo miaka ya nyama ya senti 67. Mwanafunzi naye aliishi kwa mgao kama mtu mwingine. Siku Malkia anatawazwa, Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na tangu Aprili alikuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika.

Jioni ile Churchill alizungumza redioni akimkaribisha Malkia, Malkia akahutubia, fataki zikarushwa juu ya Mto Thames. Sehemu nyingi karamu za watoto za mitaani zilihamishiwa kwenye kumbi kwa sababu ya mvua. Kesho yake watu wakarudi kazini.

Sukari ilitoka kwenye mgao tarehe 27 Septemba mwaka huohuo. Siagi na majarini zilingoja hadi Mei 1954. Nyama ilikuwa ya mwisho: Jumapili ya tarehe 4 Julai 1954, na wapo waliochoma vitabu vyao hadharani. Jumatano ya wiki hiyo, tarehe 7, watu 17 walikutana kwenye ofisi ya TAA, Kariakoo, wakaigeuza kuwa TANU na kumchagua yule mwalimu wa Pugu kuiongoza. Mshahara wake uliendelea kutoka shuleni mpaka Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, na kuandika barua ya kuacha kazi.